Alama ya Kutoa

Mvara, Arua
12 Juni

Dada yangu mpendwa Filda,

Salamu nyingi zikufikie huko Lurujo, wewe, Mama na watoto. Kikohozi cha Mama kimepungua? Na mihogo, mmeshaing'oa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka kwa hasira.

Unamkumbuka Jada, mwanafunzi mwenzangu wa Sudan Kusini niliyekuja naye Pasaka, akamsaidia Mama kutwanga. Chuo kinataka kumfukuza kwa sababu ya alama moja.

Katika mtihani wa fizikia tuliulizwa juu ya elektroni mbili. Elektroni hazitofautiani hata kidogo, lakini zikibadilishana nafasi, funksheni ya wimbi lake, yaani hesabu inayozieleza, lazima ipate alama ya kutoa mbele yake. Ndiyo inayozikataza kukaa mbili katika hali moja. Bila hiyo hata jiwe lisingekuwa jiwe. Wanafunzi kumi na mmoja hawakuiandika. Mhadhiri wetu, Bwana Acidri, akasema kosa moja haliwezi kuota katika vichwa kumi na kimoja, lazima mtu aliwapa wenzake jibu. Kati ya wote akamshika Jada. Kwa nini Jada? Kwa sababu mkimbizi hana mjomba ofisini.

Jada akaeleza kwamba walikariri fotokopi ya noti za darasa, na alama haimo. Alirudia tu, “Mimi hapana iba kitu.” Bwana Acidri akaitisha daftari lenyewe lililotolewa fotokopi, akakuta alama ipo. Akasema basi Jada ameifuta kwenye karatasi yake ili apate kisingizio. Wale kumi, wenye fotokopi kama yake mikobani, wakainamisha vichwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walimnyonga na haki wakaikalia. Waoga wakubwa.

Dada, nimewatukana wote nikamwacha mmoja. Daftari lile ni langu. Mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri, ninaandikia darasa zima, na siku ya somo lile niliiruka alama nikinakili kutoka ubaoni. Niligundua wiki moja kabla ya mtihani. Nikaiongeza kwa kalamu daftarini, fotokopi zikiwa zimeshagawiwa, nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka kuongoza darasa. Na nimeongoza. Bwana Acidri alipolifunua nilikuwa nimesimama karibu naye, sikufungua mdomo.

Kikao cha Jada ni Jumatatu. Nitaingia kabla yake niseme yote, na huenda nikafukuzwa mimi.

Wasalimie majirani na watoto wote. Mama akiuliza ni nani aliyemponza Jada, usimfiche.

Ni mimi mdogo wako,
Anguyo