Mikaratusi ya Ochoki

Nyumbani, karibu na Ekerenyo
Aprili

Kwa kaka yangu mpendwa Ochoki,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu Januari: kikombe cha bati kikikwaruza mawe kule chini kwenye chemchemi yetu. Mtu amepiga magoti, anachota kidogo kidogo, anamimina kwenye mtungi, kisha anangoja maji yajikusanye tena. Ilikuwa ikinifikia kitandani kila alfajiri. Unisamehe kwa kuanza na hilo kabla ya kukujulia hali. U mzima? Kile kifua cha baridi ya Naivasha kimepona? Mama anataka kujua kama unaivaa sweta aliyokufumia au umeshaigawa kama ile nyingine. Sisi hatujambo. Goti lake humsumbua mvua ikikaribia, lakini bado ananishinda kuchuma chai, na bado anawaambia watu kwamba binti yake huchuma kama anayesahihisha mitihani.

Ninaandika barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, tena kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii ningeanza kukubembeleza kabla sijakueleza lolote.

Unajua kwamba tangu mwaka jana niko katika ofisi ya Mheshimiwa Nyangau, mwakilishi wetu wa wadi. Kazi yangu kubwa ni taarifa yake ya kila msimu, ile karatasi inayogawiwa makanisani na sokoni ili watu wajue serikali ya kaunti imewaletea nini. Maoni yake huwa ni yale yale, kwamba picha yake ingekuwa kubwa kidogo. Taarifa ya mvua ndefu ilikuwa na habari njema: fomu za basari, ule msaada wa karo, zinapatikana ofisini bure, ng'ombe watachanjwa karibu na soko, na barabara ya kwenda kituo cha kupimia chai itawekwa changarawe ya murramu. Mwishoni nikaongeza aya yangu mwenyewe. Niliandika kwamba chemchemi zetu zinakauka, kwamba mikaratusi iliyopandwa kando yake inazinyonya, na kwamba atakayeikata atapewa miche ya mianzi na ya miti ya kienyeji.

Mheshimiwa aliisoma, akavua miwani. Akasema mkaratusi kwa Mkisii ni benki, ni nguzo za nyumba, ni kuni za kiwanda cha chai, nami namtuma akawaambie wapiga kura wabomoe benki. Nikamjibu kwamba karibuni watamwuliza maji, na picha, hata ingekuwa kubwa namna gani, haitawajibu. Akacheka. Si mtu mbaya, kaka. Aya ibaki, akasema, ila atakayeisoma mbele ya watu ni mimi, kwa sababu siku hiyo yeye bila shaka atakuwa na mazishi mahali.

Nikaisoma Sabato, baada ya ibada, nje ya kanisa. Basari ikapigiwa makofi, ng'ombe wakapigiwa makofi. Nilipofika kwenye miti, Mama Nyanchera, jirani yetu wa ng'ambo, aliinua mkono kwa adabu zake zote. Akauliza, kama karatasi ya Mheshimiwa ina macho ya kuona miti ya kila mtu, mbona haikuuona msitu wa kina Ochoki, uliosimama juu ya chemchemi anayochota yeye? Watu wakaangua kicheko. Mzee Haron, jirani mwenzake, akadakia kwamba huenda binti amesoma hadi anaona vya mbali tu. "Valentine, mama," akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, "nenda ukate kwanza, halafu uje utusomee."

Nami nilicheka, maana sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Lakini njiani ndipo nilipong'amua. Nilikuwa nimeiandika aya ile kwa mkono wangu, tena kwa hasira, na hata mara moja sikuifikiria miti yetu. Machoni pangu haikuwa mikaratusi. Ilikuwa wewe. Marehemu baba aliipanda msimu ule ulipotoka jandoni, akasema hizo ndizo nguzo za nyumba yako. Nakumbuka ulivyotembea kifua mbele, na mimi nyuma nikibeba miche kama mpambe wa bibi harusi.

Nikamwendea Mama jikoni. Hakuacha kumenya ndizi. Alisema miti ile ina mwenyewe, na mwenyewe si mimi wala si yeye, na binti ambaye kesho ataolewa hashiki panga kwenye shamba la kaka yake. Baadaye, kama anayezungumza na sufuria, akasema kwamba tangu aolewe hapa hajawahi kusikia mtu akinyimwa maji ya chemchemi ile.

Kaka, nimeikata.

Yote iliyoizunguka chemchemi. Niliwaita watu wa msumeno wa mashine mwezi uliopita. Walipopumzika, Mama alishuka mwenyewe na uji, akawamiminia. Mama Nyanchera alikuja na panga kusaidia kupunguza matawi, na jioni akakataa kubeba hata ukuni mmoja mpaka Ochoki aulizwe. Hakuna mti uliouzwa. Nguzo zimetolewa magome, zimepangwa juu ya mawe nyuma ya ghala na kufunikwa mabati, zinakauka taratibu. Ni zako, zinaingoja nyumba yako.

Sasa lile gumu zaidi. Ningeweza kukupigia simu siku hiyo hiyo, na ungeshika. Sikupiga kwa sababu ungesema hapana, na mimi, ambaye sijawahi kukupinga, ningekutii. Kisha ningeendelea kuwasomea watu taarifa ambayo mimi mwenyewe siitimizi, na polepole ningekuchukia bila wewe kujua kosa lako. Nikaona heri wewe unikasirikie mimi. Hasira yako naijua, huwa ina mwisho.

Sitakudanganya kwamba maji yamejaa. Mvua imeanza, kwa hiyo hata yakiongezeka leo hatuwezi kusema ni sisi au ni mvua. Tutajua Januari ijayo. Ukija kabla ya hapo unigombeze ana kwa ana, Mama atakuchinjia jogoo, nami nitasikiliza hadi mwisho bila kujitetea.

Mama anakusalimu na kukuombea. Mzee Haron naye anakusalimu, anasema ukirudi usipite bila kubisha hodi. Visiki vimeanza kuchipua, maana miti hii haikubali kufa mara moja. Leo asubuhi, kabla ya kukaa kukuandikia, nimeshuka na jembe nikayaondoa machipukizi yote, nikapanda mianzi katikati.

Dada yako anayekupenda,
Valentine