Nilizuia Barua za Binti Yangu kwa Agizo la Posta

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako upesi, kwa sababu daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi kliniki na nafahamu maana yake, na kuna jambo ambalo sitaki kuzikwa nalo.

Nilikuwa karani katika posta moja ndogo ya huku mpakani kwa miaka ishirini na miwili, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutunza faili ya maagizo, yaani karatasi zinazomweleza karani kila aina ya barua ipokelewe vipi, ipangwe wapi, apewe nani. Kila karatasi niliipiga taipu kwa mpangilio mmoja, namba juu kulia, tarehe, jambo lenyewe, hatua ya kuchukua, sababu, sahihi, na wakaguzi waliisifu faili hiyo wakatia sahihi zao bila kuisoma.

Mwaka 1972 binti yangu Anyait alipendana na kijana wa reli wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, jina lake Olinga, nami nilikuwa nimeshakubaliana na watu wa Chakol kwamba ataolewa kwao, tena mambo ya Uganda yalikuwa yameanza kunitisha, au ndivyo nilivyojiambia. Olinga alimwandikia kwa mkono wa Etyang, yaani kupitia kwake, mwenye duka pale Malaba, kama wafanyavyo watu wengi wasio na sanduku la posta, na Etyang naye hakuwa na sanduku, alikuja tu dirishani kila Ijumaa kuwachukulia wateja wake barua. Kuiba barua niliogopa, maana ni kosa la kufungwa. Basi niliketi kwenye taipureta nikaandika Agizo Namba 14: barua yoyote yenye stempu ya Uganda, iliyopitishwa kwa mkono wa mtu asiye na sanduku, isitolewe, ikae siku saba, igongwe muhuri kwamba haikudaiwa, irudishwe kwa aliyeiandika.

Zilikuja barua tisa. Zote nilizigonga muhuri mwenyewe, na Olinga akarudishiwa maneno yake akidhani Anyait ameyakataa, na Anyait akadhani amesahauliwa. Ya kumi haikuja. Yule wa Chakol Anyait alimkataa, na hadi leo hajaolewa.

Lakini agizo halikuchagua watu. Kulikuwa na mama mmoja wa Namboboto, Nerima, ambaye mumewe alifanya kazi Jinja, Uganda, na kumwandikia kwa mkono wa Etyang huyo huyo, na kila mwisho wa mwezi alikuja mwenyewe dirishani kwangu.

"Karani, angalia tena. Huyo mtu anaandika, mimi namjua."

"Hakuna, mama."

"Angalia chini ya meza basi, hayo macho yako yamezeeka kukushinda wewe!"

Watu wakacheka kwenye foleni, nami nikacheka nao, na barua yake ilikuwa ndani ya mfuko nyuma ya kiti changu, ikingoja siku ya saba.

Nilistaafu mwaka 1975. Mwaka jana, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na posta ikagawanywa, nilidhani ile faili itatupwa, nikajikokota hadi dirishani kuuliza. Karani wa sasa, Protus, alinipokea kwa heshima.

"Mzee, Namba 14 bado tunaifuata. Hiyo faili yako ndiyo bosi hapa."

Nikamwambia aitoe.

"Nitoe? Na kwa sababu nitaandika nini?"

Nikarudi nyumbani.

Sasa Anyait ndiye anayeniosha na kuninywesha uji. Jana aliniuliza, "Baba, mbona ukinitazama unalia?" Nikasema ni maumivu. Je, nimwambie, nipoteze mkono wa mwisho unaonishika, au nife kimya abaki na baba aliyemheshimu?

Mzee wa Taipureta, Malaba


Mzee wangu,

Pole kwa ugonjwa. Pole ya hayo mengine ni ya Anyait na Nerima, na sitakugawia.

Unauliza kama uilinde heshima ya Anyait kwako. Heshima hiyo ameipa mtu asiyekuwapo. Wewe unaila tu kwa niaba ya mtu huyo, pamoja na uji. Na angalia ulivyoandika: unalia kwa ajili ya nyumba yako, huku wewe ukijua kwamba wiki hii pale posta kuna barua ya mtu inayohesabiwa siku. Hiyo haiwezi kungoja ujasiri wako.

Zungumza na Anyait leo, mchana, kwa kinywa chako. Usimpe gazeti hili alisome. Mwambie zilikuwa tisa, na mwambie muhuri ulisema nini, kwa sababu atahitaji kujua Olinga aliambiwa nini iwapo atataka kumtafuta, na iwapo bado yu hai. Usimwambie ulikuwa unamkinga. Wala usimwombe msamaha siku hiyo. Atakupa kwa sababu umelala kitandani, na utakuwa umemchukulia kitu kingine.

Kisha mwite Protus pamoja na mkubwa wake, waje na karatasi. Protus alikuuliza swali la haki, sasa mjibu. Agizo Namba 14 limefutwa; na mahali pa sababu iandikwe kwamba karani alilitunga ili kuzuia barua za binti yake. Usikubali waandike "mabadiliko ya utaratibu." Wakitaka kukushtaki, washtaki. Na mtu wa ukoo wako aende Namboboto kwa miguu yake akamweleze Nerima, asije akayasikia sokoni.

Tena mtafute dada yako au jirani awe tayari kukuosha, maana huenda Anyait akafunga mzigo wake jioni hiyo hiyo. Akiufunga, usimwite. Maumivu yakikubana, yameze, mzee wangu, wala usiugue kwa sauti mpaka uwe na hakika ameshafika barabarani.