Hoho Zimekubali Voi

Kwa mke wangu Wakesho, mama wa Mghoi wetu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya debe nililolipindua nyuma ya nyumba yetu hapa Voi, jua likianza kupoa. Mimi mzima, ila mgongo unanisema kila ninapoinama, maana wiki hii yote tumekuwa tukibadilisha mataruma ya reli. Wewe je? Kikohozi cha Mghoi kimekwisha, au ukungu wa Werugha bado unamsumbua? Na mama yangu, magoti yake yanakubali kupanda shambani? Nijibu moja moja, usiniambie "sote wazima" halafu basi.

Sasa habari yenyewe. Siku ile uliporudi huko juu na mtoto, bado amelegea kwa homa, uliniambia tukingoja lori: "Baba Mghoi, mahali hata mboga haioti, mtoto wangu atakuaje?" Nilikufungia mzigo, lakini neno lile limenikaa mpaka leo. Ndiyo sababu nilikuomba mbegu za pilipili hoho, zile tamu zisizowasha, na wewe ukadhani nina hamu ya mboga tu.

Mbegu zilifika salama kwenye pembe ya leso yako. Leso siirudishi, iko chini ya mto wangu. Dada Mkamburi, wewe unayemsomea Wakesho barua zangu, hapo ungeruka.

Basi nikalima kama tulivyolelewa kwetu. Nikainua matuta, nikachimba mfereji kando ili maji yakimbie yasiozeshe mizizi. Nikayatazama nikajisifu. Kumbe nayafukuza maji katika nchi inayoyalilia. Kila debe nililopangia foleni bombani liliteremka tuta likanywewa na njia, na miche ikalala. Wenzangu wa kazini wakapata la kusema: "Wewe Mdawida wa mlimani, ukungu umeuacha wapi?" Mwingine akauliza kama mke wangu amenikabidhi jembe na sufuria pia. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Jirani yetu Mama Rukia, yule aliyekusaidia kumkanda Mghoi siku za homa, alinitazama juu ya ua mpaka akashindwa kuvumilia. "Baba Mghoi," akasema, "hapa si kwenu mlimani. Huko mwayakimbiza maji, huku twayakaribisha yakae. Iteremshe hiyo miche chini, mwanangu."

Nikabomoa matuta yangu yote. Nikachimba vishimo, nikatia samadi ya mbuzi, nikapanda humo chini miche iliyosalia, na juu nikatandaza gunia kuukuu kwenye vijiti kupunguza jua. Mume wake naye akahamisha kibao chake cha kukalia. Siku hizi anatawadhia kando ya ua wetu, ili maji yateremkie kwenye vishimo vyangu. Alihama tu na birika lake. Nilipogundua nikaingia ndani kidogo, kwa sababu macho yalinijaa machozi.

Maua ya kwanza yalianguka kwa joto. Nikasema basi, Wakesho ameona mbali kuliko mimi. Lakini mawingu ya vuli yalipokuja, maua yakashika, na leo hoho zinaning'inia, nene, zinang'aa. Za kwanza nilimpelekea Mama Rukia, akazitia kwenye mchuzi akaniita nikale. Nilikula nikikuwaza wewe unavyozikata, ukimpa Mghoi kipande acheze nacho.

Moja niliiacha kwenye mche mpaka ikaiva nyekundu. Ndiyo hiyo aliyokuletea dereva wa lori la mboga pamoja na barua hii. Ipasue uone mbegu zake. Hizo zimezaliwa huku, ukungu haziujui.

Sikuamuru uje. Najua mama atasema mimi ni laini, wanaume wengine huamuru. Lakini homa ya mtoto niliiona kwa macho yangu, na naogopa kama wewe. Nimenunua chandarua, na lile dimbwi la nyuma lililokuwa likilea mbu nimelifukia. Zaidi ya hapo sina la kuapa. Ila nimechoka kuwa baba wa barua. Mghoi ataanza kusema sentensi nzima, na mimi nitaambiwa na dereva wa lori.

Mwambie mama nalala mapema na nakula vizuri, hata kama hataamini. Msalimie baba mkwe wangu, umwambie matuta yake ni mazuri huko huko mlimani. Dada Mkamburi, asante kwa sauti yako, na usicheke ukisoma. Mghoi mshike mashavu kwa niaba yangu.

Karibu na mlango nimechimba vishimo vingine. Sijapanda kitu, hivyo ni vyako. Kila jioni navimwagia maji kidogo, udongo usije ukawa mgumu kabla hujafika.

Mumeo akupendaye,
Baba Mghoi