Pamba ya Baba na Kanda ya Tatu

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta na nguvu, na lile goti limepoa. Mimi ni mzima. Baridi ya Uingereza nimeizoea. Kukosa kumzika Baba ndiko bado sijakuzoea.

Uliniuliza meza yake ya kutengenezea redio pale soko la Jericho uifanyie nini. Nitakujibu, ila kwanza sikia habari njema.

Unajua kazi yangu ni kubadilisha kanda kwenye darubini ya redio, ile sahani kubwa ya chuma inayopokea mawimbi ya nyota. Sahani yetu haiko peke yake. Nyingine ziko nchi za mbali, na zote huelekezwa mahali pamoja angani kwa wakati mmoja, kila moja ikirekodi kanda yake. Kisha kanda zote hupelekwa kituo kimoja na kuchezwa pamoja, zikawa kama sikio moja lenye upana wa bara zima.

Basi, kanda zetu mbili zikarudishwa: mvumo mtupu. Tukaambiwa ya tatu ikiharibika, sahani yetu inatolewa kwenye mtandao huo wa sahani. Wataalamu wakalaumu saa inayolinganisha muda wa kurekodi, wakalaumu mvua. Mimi nikachungulia kichwa cha mashine, pale kanda inapopita, nikaona vumbi la kahawia, lile lile la redio kaseti za nyumbani.

"Hujisafisha chenyewe kwa kanda maalumu," mkubwa wangu akasema.

"Baba hakuiamini hiyo. Nipe spiriti na pamba."

"Pamba! Mashine hii ni ghali kuliko nyumba yangu."

"Basi safisha wewe, mimi nikushikie tochi."

Akacheka, akaniachia. Nikazungushia pamba kijiti cha kiberiti, nikapangusa taratibu kuelekea upande mmoja tu kama alivyofanya Baba, huku nikikusikia ukimgombeza: "Baba Mueni, umemaliza pamba yangu tena!"

Jana simu ikalia. Kanda yetu ya tatu imelingana na zote! Mawimbi yaliyoanza safari kabla hakujawa na mtu duniani, nasi tumeyapata. Tunabaki kwenye mtandao. Mkubwa wangu ameagiza pamba katoni nzima.

Nililia kidogo, Mama. Baba hakumrudishia mteja redio kabla ya kumwambia, "Hebu sikia." Nilitamani yeye ndiye asikie.

Nisalimie dada yangu Kanini, na shangazi Ndinda wa Gikomba; mwambie lile koti la mtumba alilonichagulia ndilo nililovaa siku hiyo.

Meza mpe mjomba Mutuku, aweke cherehani yake. Lakini mkebe wa pamba na vijiti usimpe mtu. Niwekee.

Binti yako mwenye furaha,
Mueni