Vidonge Kwenye Firigisi ya Bata

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana nimechoka mwili na nimechoka moyo, na ninayetakiwa kumsema ni mama mkwe wangu.

Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, napita nyumba kwa nyumba, na siku hizi zahanati inatutuma tuwafundishe watu wasitupe ovyo dawa zilizobaki, wazirudishe kwenye sanduku lililo pale dirisha la dawa, kwa sababu dawa ikiingia majini haiishi nguvu papo hapo, inawafikia samaki na wadudu ambao hawakuandikiwa na daktari yeyote, na maneno haya nimeyasema mpaka nayaota, watu wananiitikia “ndiyo dada, ndiyo dada,” nikigeuka nasikia kicheko, mama mmoja kaniuliza kama sasa nimeajiriwa na samaki, nikacheka naye, nikaenda nyumba ya pili miguu ikiwaka moto.

Basi nikatangaza kwamba nitakagua dawa zilizolala makabatini, na nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, watu waone mfano.

Asubuhi ya ukaguzi nikasikia mayowe kwa jirani yetu anayefuga bata, nikakimbia, nikakuta bata wamelala chali kando ya mtaro unaopita uani kwake, wengine bado wanatapatapa, na yeye kashampasua mmoja, anatuonyesha firigisi imejaa vipande vya rangi ya waridi, anapiga kelele, “Rangi hii! Rangi ya yule fundi!” kwa kuwa juu yetu, mtaro unakotokea, kuna fundi anayepaka magari rangi kwenye banda la kupanga, na mshauri, mimi nilichukua kipande kimoja, nikakisugua kwa kidole, nikaona mstari ule wa katikati wa kukatia kidonge, nikafumba kiganja.

Fundi akaniangalia akasema, “Mama afya, wewe ndiye unayejua mambo haya, waambie rangi yangu haifiki mtaroni.”

Nikajibu, “Tutaangalia.”

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anaosha vikombe, nikamuuliza dawa zake za presha ziko wapi, akaendelea kuosha kikombe kilekile, mwisho akasema, “Nimezimwaga. Kopo zima. Si ulisema unakagua?”

“Mama! Mtaroni?”

“Ulisema chooni hapana. Mtaroni sikukusikia.”

Kumbe tangu mvua zilipokatika hazimezi, anaziweka kwenye kopo la maziwa nyuma ya kitanda, kwa sababu akizimeza nyumba inamzunguka, na mume wangu, ambaye anaendesha lori na hukosa usingizi barabarani ili apate pesa ya dawa hizo, akimuuliza kwa simu, “Mama, umemeza?” anajibu, “Nimemeza, baba.” Amenishika kwa mkono wake wenye sabuni, akaniambia, “Usimwambie mwanangu. Ukimwambia, nafunga nguo zangu naondoka.”

Sasa mwenye banda amemwambia fundi ahame mwisho wa mwezi, na fundi ananisalimia kila asubuhi kwa heshima ileile, nami napita nimebeba mabango ya kufundisha watu, nikisema nimemvua nguo mama wa mume wangu, nikinyamaza mtu anafukuzwa kwa kosa la nyumbani kwangu, na zahanati inanisubiri nikahutubie mkutano wa mtaa kuhusu hayohayo. Nifanye nini?

Mhudumu Aliyechoka

*

Mwanangu Mhudumu,

Pole. Kutembea na ujumbe ambao watu wanaucheka ni kazi ngumu, na nyumbani hukukuta pa kupumzikia. Pole ya dhati hiyo. Sasa sikiliza.

“Tutaangalia” ni neno la wanasiasa. Ulishaangalia, ukaona, ukafumba kiganja. Fundi alikuita kwa kazi yako mbele ya watu, nawe ukamwacha peke yake. Leo hii nenda kwa mfuga bata na kwa mwenye banda, fundi akiwepo, useme: “Vile ni vidonge, vimetoka nyumbani kwangu.” Wakikuuliza vya nani, jibu ni hilohilo: vya nyumbani kwangu. Aibu ya nyumba ibebe wewe mwenye mabega. Jina la mama si lazima. Bata mtawafidia. Mwambie jirani mizoga asiile wala asimpe mbwa, aizike mbali na maji. Vaa glavu, okota vidonge vilivyobaki mtaroni, uvipeleke kwenye hilo sanduku lako.

Lakini bata si habari kubwa katika barua yako, na nashangaa umeandika kurasa zote hizi bila kuiona. Umeishi na mgonjwa wa presha asiyemeza dawa, na unaniuliza habari za banda! Kiharusi hakipigi hodi. Kesho mpeleke zahanati, aeleze hicho kizunguzungu kwa mdomo wake. Huenda dawa haimfai, huenda kipimo ni kikubwa. Wataalamu watampima na kubadilisha kama inafaa. Usimrudishie dawa zile kwa nguvu zako mwenyewe.

Mumeo ataambiwa, na atakayemwambia ni mama yake, wewe ukiwa umeketi kando. Mpe nafasi hiyo kwanza. Akishindwa, sema wewe. Atatishia kufunga nguo. Mwache afunge, kisha msaidie kufungua. Mama mwenye hasira nyumbani kwako ni afadhali kuliko mama mtiifu kaburini.

Na mkutano, nenda. Ila geuza somo. Umeufundisha mtaa mzima pa kutupa dawa, hujamuuliza mtu hata mmoja kwa nini ana dawa za kutupa. Kuna anayeogopa madhara, kuna aliyepewa nyingi kuliko haja, kuna aliyepona akaacha katikati, kuna anayemficha mtoto wake. Dawa iliyoandikwa kwa kipimo chake na kumezwa ipasavyo haibaki kopo zima la kumwaga. Ndiyo maana walikucheka: ulikuja na jibu, hukuja na swali.

Anza na mama mkwe. Mvutie kiti, mpe chai, muulize kizunguzungu kinamshika saa ngapi na anaogopa nini. Akianza kujibu, nawe ukahisi somo linakupanda kooni, limeze.