Mukwe Akiingia Tunapigwa, Bwana Anataka Kurudisha Mbuzi

Tantine Kapinga wa redio, pokea salamu ya mama mwenye usingizi ilimutoroka. Ninaomba unisaidie mawazo mbele dimanche, siku ya misa, ifike, juu dimanche ikipita hivi hivi mutoto wangu ataharibika jina, na mimi sitajua tena mahali ya kuweka macho mbele ya batu.

Niko mama wa hapa Butembo, ninauzishaka mawese ku soko, bwana yangu ni Syauswa, yeye anauzishaka misumari na mabati, na binti yetu ni Hulda, mwenye juu yake ninakuandikia. Nyumba yetu yote ni basupporteurs ba AS Mavuno, hapana ba kusikiliza matokeo ku redio, sisi ni ba kufunga kitambaa ya kijani ku kichwa na kupoteza sauti mpaka mardi, siku mbili nzima. Na shida ya Mavuno kila mutu anaijua, hata ule mwenye hapendi mupira: tunaanza muzuri, tunafunga, tunaimba, donc kila kitu iko sawa, kisha batitulaires, bale benye banaanza mechi, banachoka, coach anageuka kuangalia banc kwenye baremplaçants banangojea kuingia, na pale ku banc njo kilio inaanzaka. Mwaka huu tumeshakuwa mbele mara ngapi, na mara ngapi baremplaçants bameingia bakatupokonya? Kasonia, rafiki ya bwana yangu, anasemaka batitulaires banapika chakula, baremplaçants banamwanga chungu. Mimi nilikuwa ninachekaka sana hiyo maneno, mpaka remplaçant akakuwa mukwe wangu.

Jina yake ni Jéthro. Kwabo ni Kanyabayonga, ni défenseur, anaingiaka mwisho wa mechi, na kazi yake ni moja tu: kulinda ile yenye tuko nayo. Alimuona Hulda ku chorale ya paroisse, akakuja kwetu na bajomba wake, na heshima yote, bwana yangu akafurahi kama mutoto juu ni muchezaji wa Mavuno, akaitisha mbuzi ya dot, mahari ya binti, vile desturi yetu inaomba, na akaongeza ingine juu Hulda alimaliza masomo. Bakakubali bila kubishana. Mais, Tantine, vita ikafika Kanyabayonga, bazazi ba Jéthro bakakimbia na nguo ya mwili tu, mbuzi zote zikabakia kule, hata zile zenye zilikuwa zimeshachaguliwa juu ya kwetu. Leo bako mu kanyumba ka kukodi, na kijana yeye peke yake njo anatafuta mbuzi, moja, kisha ingine. Anasukumaka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kila vendredi anapanda Kipese, kule ku milima, kuchukua viazi ya batu, analala njiani, anashuka na mizigo, dimanche asubuhi njo anafika, kwa hiyo samedi hayuko ku entraînement, mazoezi ya timu, na coach hamuwekake titulaire. Bwana yangu hakupunguza hata mbuzi moja. Alisema: «Vita, si mimi niliileta.»

Sasa sikia ya dimanche yenye ilipita. Asubuhi, mbele ya misa ya pili, Jéthro alifika kwetu na mbuzi ya madoa, aliitosha Kipese imefungwa nyuma ya chukudu, nayo ilikuwa inachechemea kidogo. Bwana yangu akaifungua mudomo, akaangalia meno, akasema iko sawa, bafunge nyuma ya jikoni. Mimi nikamuambia kijana aingie akule, akainama, akasema, «Aksanti mama, hapana,» unajua mukwe anaonaka haya kula kwa bakwe dot haijaisha, akanawa uso ku bidon na akaenda ku stade.

Muchana tukacheza na timu ya Ruwenzori, ile ya kule Beni. Mavuno ya siku ile, Tantine, ungelia! Tulifunga moja, tukafunga ya mbili, mimi nikacheza na mama mwenye sijui hata jina yake. Kisha capitaine wetu akashika kiuno, coach akageukia banc, na Jéthro akavua veste. Kasonia akasema, «Sasa munifungie macho.» Haikukawia. Ya kwanza ilipitia upande yake. Ya pili, upande yake. Mwisho kabisa, tulikuwa tunaomba hata égalité, mbili kwa mbili tu, kijana wa Beni akakuja na mupira, na Jéthro akakaa chini! Akakaa mu majani, anashika muundi na mikono mbili, ule wa Beni akamupita bila haraka, akaenda akafunga. Na mimi, Nyamuhanga, Mungu wetu, anisamehe, nikapaza sauti kupita batu bote: «Mutoshe inje ule mufu!» Kisha nikageuka, Hulda alikuwa nyuma yangu.

Tangu pale ni bilobaloba tu. Banasema aliuzisha mechi, juu mama yake mudogo anaishi Beni. Batu ba quartier bakamutupia matope, bakamuvunjia gurudumu ya chukudu. Na bwana yangu, mbele ya Kasonia na basupporteurs bengine benye bakuyaka kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kwetu, akasimama akasema: «Mutu mwenye hawezi kulinda mabao mbili, atalinda binti yangu mu inchi hii?» Akasema dimanche yenye inakuja tunaenda Beni kwa retour, mechi ya kurudiana, Jéthro akiingia tena na tupigwe, lundi, kesho yake, Phinées, kaka mukubwa wa bwana yangu, mwenye alipokea mbuzi kwa jina ya familia, atazirudisha zote. Na kwetu, Tantine, mbuzi ya dot ikirudia njia yenye ilikujia, batu habaulizake mukwe alifanya nini, banaulizaka binti alikutwa na nini. Nani atakuja kumuoa kisha pale?

Hulda hasemi na mimi. Anakatia ile mbuzi ya madoa majani, anafagia mahali yake, anaingia kulala. Na nikuambie ukweli yenye ninaficha hata padiri: nusu ya moyo yangu iko na bwana yangu. Nimechoka kupigwa. Mu maisha yetu hii, vita huku, bei huku, batu banazikwa huku, Mavuno njo ilikuwa kitu moja tu yenye tulikuwa tunashindaka, hata kama haikukuwa mpaka mwisho. Nifanye nini? Nimuombe Jéthro aache mupira? Niende kwa coach nimuombe amuache ku banc, asimuingize? Ao ninyamaze, mbuzi zirudi, Nyamuhanga atafute mwengine? Majina unaweza kubadilisha, mais hapa Butembo batajua tu.

Mama Hulda


Tantine Kapinga anajibu:

Mama Hulda, barua yako niliianza na kikombe ya chai mu mukono, chai ikapoa. Majina sikubadilisha, umesema wewe mwenyewe batajua. Pole kwanza. Pole ya kweli, juu mama mwenye binti yake anamupita mu nyumba bila kumusemesha, hiyo ni njaa yenye bugali haimalizake.

Pole imeisha. Sasa nitakugombeza.

Mimi ni Mukasai, mutu wa mbali, serikali ilinituma hapa kufundisha, nikafundisha mpaka nikazeeka, na mupira sijui. Offside, balinifasiria mpaka bakachoka. Lakini kusoma ninajua, na wewe uliniandikia jibu mu barua yako mwenyewe na hukuiona. Vendredi kijana anapanda Kipese. Samedi iko njiani, chini ya mizigo ya viazi ya batu. Dimanche asubuhi anafika na mbuzi, ananawa uso, hakuli kitu, na muchana anaingia kukimbizana na bijana benye balilala na kushiba. Na unashangaa muundi inamushika! Mama, mie nikipanda tu ngazi ya redio hii inanishika. Juu ya nini haendake ku entraînement? Mbuzi. Juu ya nini coach anamuwekaka ku banc? Entraînement. Juu ya nini alikaa mu majani mbele ya stade yote? Rudia kusoma barua yako. Basupporteurs banalia banc ni mubaya, banc ni mubaya, kumbe président wa kuiharibu anakunywa kasiksi pamoja nabo. Mulipata muchezaji, mukamufanya punda, na sasa munamukasirikia juu hachezi kama muchezaji.

«Vita, si mimi niliileta.» Sawa, Syauswa. Na Jéthro njo aliileta? Baba na mama yake baliacha nyumba, baliacha shamba, baliacha mbuzi, na kijana hakukuja kuomba mupunguze. Alishika chukudu. Mimi nilishaona banaume bengi benye mukono mutupu, benye bakuyaka kulia mbele ya bakwe, benye batorokaka Kampala na hakuna mutu anabaona tena. Huyu, kila dimanche iko pale. Na wewe Mama, mutoto mwenye kifo ilimukimbiza Kanyabayonga, njo unamuita mufu? Mbele ya mwenye anamupenda? Hapana. Hapo sina maneno ya kukupunguzia.

Unasema umechoka kupigwa. Hiyo ninaielewa, na sikucheki. Batu ba huku bameshapigwa sana, na siku moja ya kuimba na kitambaa ku kichwa si kitu kidogo. Lakini yeye pia amechoka, tena kukupita wewe, na yeye hana kwenye anaweza kupaza sauti.

Basi, sikiliza vizuri. Leo ni mercredi, katikati ya juma, wakati iko. Usianzie kwa bwana yako, yeye amesema mbele ya kasiksi na mwanaume akisema mbele ya kasiksi anaogopa kurudi nyuma. Enda kwa Phinées. Yeye njo alipokea mbuzi kwa jina ya familia, na yeye njo atatumwa kuzirudisha, kwa hiyo mudomo wake uko na uzito. Muambie kila kitu vile uliniandikia mimi. Aende na Syauswa kwa bazazi ba Jéthro, mu kale kanyumba ka kukodi, bakae chini, baseme: mbuzi zenye zinabakia zitangojea mpaka batu ba Kanyabayonga barudie kwabo. Haiwezi kuwa aibu. Desturi ya kupokea mbuzi ni yenu, na desturi ya kungojea pia ni yenu, mulizikuta zote mbili kwa bababu benu, mukachagua moja tu.

Vendredi hii, Jéthro hapandi Kipese. Nani atakataza? Syauswa mwenyewe, na mudomo yake. Ile gurudumu yenye balivunja, itengenezwe nyumbani kwenu, na misumari ya nani? Usiniulize, bwana yako anauzisha nini? Chakula, usimuite tena kula kwako, mutoto iko na haya na haya yake ni muzuri, usiivunje. Pika, funika, tuma kwa mama yake. Akule kwa mama yake mpaka ashibe, hakuna mutu atajua bugali ilitoka wapi.

Na hii ya kuuzisha mechi, hiyo haingojee dimanche. Ni leo. Mu miji yetu hii neno «aliuzisha» haichezewi, inaanza na matope na inaishia na petrole na moto, na tulishazika batu benye habakufanya kitu. Kasonia na bale bote benye balisikia Syauswa akisimama kumusema kijana mubaya, bamusikie akisimama mara ingine kusema: huyu hakuuzisha kitu, alichoka, na mimi ninajua juu ya nini alichoka. Kama anaona haya, haya ya siku moja haiue mutu.

Kwa Hulda, usitume mutu. Enda nyuma ya jikoni akiwa anakata majani, kata pamoja naye, na umuombe musamaha kwa ile neno. Asipojibu, endelea kukata.

Sasa unataka nikuambie kule Beni mutashinda. Sijui, Mama. Toka hapa ku micro, banc yenu inaonekana mubaya kabisa, na siku moja ya kulala haiponyeshe mwaka muzima. Labda Jéthro ataingia na mutapigwa tena, mutarudi Butembo mu gari bila kuimba, kama kawaida. Mutaumia. Lakini lundi asubuhi mbuzi zitakuwa mahali yazo na Hulda atakuwa na jina yake. Binti haolewake na score.

Na wewe Syauswa, ninajua uko unasikiliza, banaume ba Butembo munasemaka emission ya Kapinga ni ya banamuke na munaijua yote ku kichwa. Kama unaona ni lazima mbuzi zirudi, sawa, ni zako. Lakini usimutume Phinées. Vendredi ushike wewe mwenyewe chukudu, ufunge ile ya madoa nyuma, upande nayo mpaka Kipese. Ulale njiani, mvua ikikunyeshea ikunyeshee. Ushuke na mizigo ya viazi. Dimanche usikule kitu, unawe uso ku bidon, uende Beni, na mwisho wa mechi, Mavuno ikiwa mbele, uingie wewe mahali ya Jéthro. Kama hakuna mutu atakupita, basi, harusi ife.