Naftalini hazikuibwa

Jumapili, Kasongo. Mvua ya asubuhi imekatika, nguo bado mbichi kwenye kamba, na miye nina aibu.

Niandike tu ukweli. Juma lililopita nilimfanya mama mukwe wangu mwizi.

Neno lenyewe sikulitamka. Nilifungua valizi ya vikwembe, vitenge vyangu vya kuvaa, nikakuta zile tembe nne nyeupe za naftalini za kufukuza mende hazipo. Majirani walikuwa barazani wanasukana nywele. Nikasema kwa sauti: "Humu tuko watu wakubwa wawili tu. Na mende habebi naftalini."

Walicheka. Mama mukwe, aliyekuwa nao pale, hakucheka.

"Mama Neema," akasema, "tangu lini miye nakula naftalini?" Akafunga mzigo wake, akapanda pikipiki, akarudi kwao Nyangwe.

Siku ile Neema wangu, miaka mine, aliingiza kichwa ndani ya valizi. "Mama, ziko humu. Nazisikia." Nikamfukuza.

Leo nachagua mchele, redio ikaeleza habari za wataalamu wa nyota. Walihesabu maada ya kawaida, ile inayofanya nyota, sufuria na sisi wenyewe, wakakuta sehemu kubwa haionekani. Wakaitafuta miaka na miaka. Kumbe haikupotea. Iko kule katikati ya makundi ya nyota, gesi ya moto, imetawanyika nyembamba hata jicho haliioni. Waliijua kwa ishara za redio kutoka mbali sana, zinazochelewa kidogo zikipita ndani yake.

Niliacha mchele. Nikaenda kufungua valizi.

Vikwembe vyote vinanuka naftalini.

Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi tu, lakini hilo nimelielewa. Ziligeuka hewa, kidogo kidogo, na mutoto alizikuta kwa pua.

Wale wataalamu walitafuta. Miye niliona kitu hakiko, nikaweka hapo jina la mama aliyemubeba Neema mugongoni wiki zote nilizolazwa hospitali.

Baba Neema iko Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, hajui. Akipiga simu, nitamwambia mama yake ameenda wapi?

Kesho asubuhi naenda Nyangwe na mutoto. Sitaanza na nyota wala redio, hiyo itakuwa kujitetea. Nitaanza na "Mama, nilikosa", mbele ya jirani zake. Akikubali kurudi, nitasema tena mbele ya wale waliocheka.

Akininyamazia, nitachukua kisu, nikae karibu naye, nimenye muhogo mpaka aseme.